Mbuni mama na faida ya kuinamishwa

Ukiingia kwenye bustani mama ya kahawa kwa mara ya kwanza utashangaa kuona mibuni imelazwa. Shina limeinamishwa hadi karibu na ardhi, ncha yake imefungwa kwa kamba kwenye kigingi, na juu ya mgongo wake yamejipanga maotea yaliyonyooka. Mkulima aliyezoea kuuacha mti wake usimame huona kama mti umeonewa. Kwa kweli hiyo ndiyo hali inayouwezesha kuzaa watoto wengi wenye afya. Wenye vitalu wanaoacha mibuni mama irefuke, itoe maua na hata kuchumwa kahawa, wanapoteza miche bila kujua.

Kwanza, kwa nini tuhangaike na vikonyo, yaani vipande vya mbuni vinavyooteshwa, wakati mbegu zipo? Robusta, kahawa ya Kagera na ya sehemu kubwa ya Uganda, haijirutubishi yenyewe. Chavua ya mti ikiangukia ua la mti huohuo, mbegu haitungwi. Kila mbegu basi ina baba wa nje, na ukipanda mbegu za mti wako bora utapata shamba la miti iliyotofautiana kwa mavuno, kwa umbo na kwa uwezo wa kuhimili magonjwa. Ugonjwa wa mnyauko ulipozuka Uganda kuanzia 1993, uliua mamilioni ya mibuni ya robusta. Ile michache iliyoonyesha ukinzani haikuweza kusambazwa kwa mbegu bila ukinzani huo kutawanyika, ikabidi izalishwe kwa vikonyo. Arabika hujichavusha, lakini chotara zilizotolewa na taasisi ya utafiti wa kahawa, TaCRI, kule Lyamungu, Kilimanjaro, zenye kuhimili chulebuni na kutu ya majani, nazo mbegu zake haziaminiki. Kikonyo ndicho kinachobeba sifa zote za mama, bila kupunguza wala kuongeza.

Lakini si kila kipande cha mbuni kinafaa kuwa kikonyo, na hapa ndipo wengi hukwama. Mbuni una aina mbili za machipukizi. Kuna yanayokwenda wima, yaani shina lenyewe na maotea, na kuna matawi ya pembeni yanayobeba matunda. Kila aina hukumbuka asili yake. Ukiotesha kipande cha tawi la pembeni kitatoa mizizi vizuri tu, kisha mche utatambaa kando maisha yake yote, usisimame kamwe. Ni mti hai usio na faida shambani. Vikonyo hutoka kwenye maotea wima peke yake, na mbuni uliosimama, wenye ncha yake kamili, hutoa maotea machache mno.

Sababu iko kwenye ncha. Ncha inayokua hutengeneza homoni iitwayo oksini, ambayo hushuka kwenye shina na kuyafanya macho ya chini, yaani machipukizi yasiyofunguka bado, yaendelee kulala. Kenneth Thimann na Folke Skoog walilionyesha jambo hilo mwanzoni mwa miaka ya 1930: walikata ncha ya maharagwe mapana, wakaweka oksini mahali pake, na macho ya pembeni yakabaki kimya kana kwamba ncha ingalipo. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, waliongeza sura nyingine. Waligundua kwamba ncha pia hunyonya sukari nyingi inayotengenezwa na majani, na ikiondolewa, sukari huyafikia macho na kuyaamsha hata kabla oksini haijapungua hapo yalipo. Ncha inatawala, na pia inakula chakula cha wengine.

Ukiinamisha shina, ncha hupoteza nafasi yake ya juu na ukuaji wake hupungua. Macho yaliyo mgongoni mwa shina lililopindwa huamka, na kwa kuwa yanaelekea mbinguni, hutoa maotea wima. Katika kila kwapa la jani mbuni una macho kadhaa yaliyopangwa moja chini ya jingine. La juu kabisa ndilo hutoa tawi la pembeni, tena mara moja tu. Yaliyobaki ni akiba. Ndiyo maana kwapa ulilokwishavuna otea laweza kutoa jingine, na mama mfupi hutumika miaka mingi.

Wajapani wanaokuza bonsai, miti midogo ya vyunguni, wanaijua kanuni hii kwa vidole vyao. Katika kijiji cha bonsai cha Omiya, kilichoanzishwa 1925 na wakuzaji waliohama Tokyo baada ya tetemeko kubwa la 1923, miti hupindwa kwa waya, hukatwa ncha, na mizizi yake hupunguzwa kila baada ya muda. Hilo la mizizi ndilo ninalotaka wenye vitalu walitazame kwa makini. Kule Washington upo msonobari wa bonsai ulioanza kutunzwa 1625, ukanusurika bomu la Hiroshima, na bado unachipua. Umri wa mti huo haukuuchosha, kwa sababu mizizi yake hufanywa upya. Ncha changa za mizizi hutengeneza saitokinini, homoni inayoamsha macho. Mizizi iliyozeeka na kujizungusha ndani ya chombo haifanyi kazi hiyo ipasavyo.

Kwa anayeweka mibuni mama kwenye ndoo au vyungu kwa kukosa ardhi, maana yake ni hii. Baada ya kuvuna maotea, wakati majani yamepungua, utoe mti kwenye chombo, ukate sehemu ya nje ya mizizi, karibu theluthi, hasa ile iliyojiviringa, kisha uurudishe na udongo mpya wenye mboji. Uuweke kivulini hadi uanze kuchipua. Usikate mizizi huku juu kukiwa na majani mengi, maana yatadai maji ambayo mizizi haiwezi kuyaleta, na mti utakauka.

Otea zuri la kuvuna ni la kijani lililoanza kukakamaa. Ncha laini huoza na sehemu ya chini iliyogeuka kahawia huchelewa kutoa mizizi. Zote mbili zitupe. Sehemu ya kati hukatwa kwa pingili, kila kifundo hupasuliwa wima katikati kupata vikonyo viwili vyenye jani mojamoja, na kila jani hupunguzwa nusu. Chini ya nailoni, kwenye kivuli na unyevu wa kudumu, mizizi hupatikana kwa karibu miezi mitatu. Mama akitiliwa naitrojeni kupita kiasi hutoa maotea mororo, ya kupendeza macho, ambayo huoza hapo kwenye nailoni. Maua nayo yaondolewe mapema, kwa maana tunda hula sukari ileile ambayo kikonyo kinaihitaji ili kitoe mizizi.

Jambo la mwisho ni zito kuliko yote kwa mkulima wa robusta. Vikonyo vya mama mmoja ni mti mmoja uliosambazwa, na mti huo hauwezi kujirutubisha. Shamba lililopandwa watoto wa mama mmoja tu litachanua lote kwa uzuri na kubaki na matunda machache sana. Kila mama awe na kibao chenye namba yake, kila kundi la vikonyo lifuatane na namba hiyo hadi kitaluni, na mkulima apewe miche ya akina mama mbalimbali iliyochanganywa, tena aelezwe aipande kwa kuichanganya shambani.