Kugawa shule bila kugawa watu: fundisho kutoka Wake County, Marekani



Mara nyingi tukisema ugomvi tunafikiri bunduki, shamba ao ng'ombe. Lakini kuna ugomvi unaoanzia mlangoni mwa shule. Watoto wamekuwa wengi, vyumba ni vile vile, na mtu fulani anapaswa kuamua: nani atasoma hapa, nani ataenda mbali, nani ataingia asubuhi na nani mchana. Uamuzi huo ukichukuliwa vibaya, wazazi wanaanza kuhesabiana: «watoto wetu» na «watoto wao».

Jambo hili haliko kwetu tu. Katika makala hii tutaeleza yaliyotokea Wake County, wilaya yenye mji wa Raleigh katika jimbo la North Carolina, Marekani. Huko hapakuwa vita, na feza hazikukosekana kama kwetu. Hata hivyo wazazi waligombana miaka mingi.

Kwa nini shule zilijaa?

Kufuatana na hesabu ya serikali, Wake County ilikuwa na wakaaji karibu 628,000 mwaka 2000. Mwaka 2010 walifika karibu 901,000. Watu walikuja kutafuta kazi, na kila mwaka maelfu ya watoto wapya waliomba nafasi. Katika Novemba 2006 wapiga kura walikubali wilaya ikope dola milioni 970 kwa kujenga na kutengeneza shule. Hata feza hizo hazikutosha. Ndipo baraza la shule, lenye wajumbe tisa wanaochaguliwa na raia, lilipoamua kwamba kuanzia mwaka wa masomo 2007-2008 shule 22 zitageuzwa kuwa shule za mwaka mzima. Kati ya hizo, 19 zilikuwa shule za msingi.

Shule ya mwaka mzima ni nini?

Wengine wanafikiri ni shule ambamo mtoto hapumziki. Sivyo. Siku za masomo ni zile zile 180. Kinachobadilika ni mpango wake. Mtoto anasoma siku 45, ni kusema majuma tisa, kisha anapumzika siku 15, ni kusema majuma matatu. Halafu anaanza tena. Ile likizo ndefu ya kiangazi inakatwa vipande na kutawanywa katika mwaka wote.

Faida kwa serikali iko wapi? Watoto wanagawanywa makundi manne. Wakati wowote makundi matatu yako darasani na moja liko nyumbani. Tuseme jengo lina nafasi ya watoto 750. Likiwa na makundi manne ya watoto 250, linaweza kuandikisha watoto 1,000, kwa sababu 250 daima wako likizoni. Jengo halilali, na wilaya inajenga shule chache zaidi.

Wazazi walilalamika nini?

Kwenye karatasi mpango ulikuwa mzuri. Nyumbani ulileta shida. Shule za sekondari za juu zilibaki na kalenda ya zamani, kwa hiyo jamaa moja iliweza kuwa na mtoto mmoja likizoni na mwingine darasani. Mama anayefanya kazi alijiuliza nani atalinda mtoto majuma matatu katikati ya mwaka. Mwalimu alilazimika kufungasha vitu vyake kila mara, sababu chumba chake kilichukuliwa na kundi lililorudi.

Wenye kuunga mkono walijibu kwamba likizo fupi inasaidia mtoto asisahau masomo. Baadaye, mwaka 2012, wachumi Steven McMullen na Kathryn Rouse walitoa uchunguzi wao juu ya shule hizo za Wake. Waliona kwamba, kwa mtoto wa kadiri, kubadili kalenda hakukuongeza wala hakukupunguza maarifa kwa kiasi cha kuonekana. Ni kusema faida ya kweli ilikuwa nafasi.

Wazazi waliochukizwa walianzisha chama, Wake Cares, wakapeleka baraza mahakamani. Katika Mei 2007 hakimu Howard Manning aliamua kwamba mtoto hawezi kupelekwa shule ya mwaka mzima bila ruhusa ya mzazi. Baraza likatuma karatasi za kuomba ruhusa. Wazazi wengi walikubali, wengine walikataa, na nafasi ikatafutwa kwa watoto wao katika shule za kalenda ya kawaida. Lakini mwaka 2008 mahakama ya rufaa iligeuza uamuzi huo, na mwaka 2009 Mahakama Kuu ya jimbo ilikata neno la mwisho: baraza lilikuwa na haki ya kuamua bila kuomba ruhusa.

Je, ugomvi uliisha? Hapana. Baraza lilishinda mahakamani, lakini mioyo ya wazazi wengi haikutulia.

Swali la pili: nani atakaa na nani?

Chini ya ugomvi wa kalenda palikuwa na ugomvi mwingine wa zamani. Mwaka 1976 shule za mji wa Raleigh na shule za wilaya ziliunganishwa, ili weusi na weupe wasisome mbalimbali. Mwaka 2000 baraza liliacha kuangalia rangi, likaangalia umaskini: lilikusudia kwamba katika shule yoyote, watoto wanaopewa chakula cha bure ao cha bei ndogo wasipite 40 kwa 100. Ili kufikia hapo, na ili kujaza shule mpya, watoto walihamishwa kutoka shule moja kwenda nyingine, na mabasi yaliwabeba.

Hasira mbili zikakutana: ya kalenda na ya kuhamishwa. Katika uchaguzi wa 2009 wapinzani walipata wingi wa viti. Mwezi wa Machi 2010, kwa kura 5 dhidi ya 4, baraza liliamua kuacha mpango ule wa kuchanganya. Sasa wengine wakakasirika, wakisema watoto maskini watarundikwa pamoja katika shule zao. Katika Julai 2010 polisi walikamata watu 19 waliofanya maandamano kikaoni. Mwaka 2011 wapiga kura wakageuza baraza tena.

Angalieni mwendo wake. Kila upande uliposhinda, upande mwingine ulingoja siku yake. Na wakati huo wote watoto walikuwa wanahamishwa.

Na sisi hapa?

Katika Kivu na Ituri shule nyingi zimepokea watoto waliokimbia vita juu ya wenyeji waliokuwamo. Tangu mwaka wa masomo 2019-2020, wakati serikali ilipoanza kutimiza elimu ya msingi ya bure inayotajwa katika kifungu cha 43 cha Katiba ya 2006, madarasa yalijaa zaidi. Dawa ya haraka ni masomo ya zamu mbili: kundi moja asubuhi, lingine mchana. Ni fikra ile ile ya Wake: jengo moja, watoto wengi.

Hatari nayo ni ile ile. Ikiwa wenyeji wote wanasoma asubuhi na wahamishwa wote mchana, tumejenga ukuta bila matofali. Watoto wa mchana wanapata joto, mvua, mwalimu aliyechoka, na binti anarudi kambini giza linapoingia. Baada ya miezi michache kila mtu anajua zamu ya nani ndiyo ya wanyonge. Na mwenyeji naye ana neno: bao zilivunjika, choo kimejaa, na alichangia jengo hilo kwa mikono yake. Malalamiko yote mawili ni ya haki, na yote mawili yanapaswa kusikilizwa katika kikao kimoja.

Maswali ya kuuliza kabla ya kuamua

Direkta wa shule, komite ya wazazi, viongozi wa kartie na wajumbe wa wahamishwa wanaweza kukaa pamoja na kujibu maswali haya:

1. Shida yetu ni nafasi, ao ni watu kukataa kuchanganyika? Tusijifiche nyuma ya hesabu ya madawati.

2. Nani anabeba mzigo? Kama ni upande mmoja kila mara, tupokezane: kundi la asubuhi lichukue mchana muhula unaofuata.

3. Je, makundi yanaweza kupangwa kwa darasa ao kwa umri, badala ya kupangwa kwa asili ya mtoto? Wadogo asubuhi, wakubwa mchana, wenyeji na wahamishwa pamoja.

4. Je, ndugu wa jamaa moja wanaweza kuingia saa moja, ili mkubwa amsindikize mdogo?

5. Nani ana haki ya kuamua, na wazazi wataambiwa lini? Habari itolewe mapema, kwa lugha ambayo wote wanasikia, na mama wahamishwa wawe na viti kikaoni.

6. Tutakutana lini tena kuchunguza kama mpango unafaa? Mtu anavumilia mzigo zaidi akijua siku ya kuuzungumzia.

Neno kwa wenye ndugu Marekani

Jamaa nyingi zina watu waliopelekwa Marekani kama wakimbizi. Mwaka 2016, 2018 na 2019 Wakongo walikuwa kundi kubwa kuliko yote kati ya wakimbizi waliopokelewa huko. Waambieni haya. Kwa kawaida shule ya serikali inafuata mahali mnapokaa, kwa hiyo kabla ya kuhama nyumba ulizeni shule itakuwa ipi na kalenda yake ni gani. Shule inapaswa kuwapa wazazi habari muhimu kwa lugha wanayoielewa. Ombeni mtafsiri bila haya. Tena kuna sheria ya 1987, inayoitwa McKinney-Vento: kwa kanuni yake, mtoto wa jamaa iliyopoteza makao anaweza kuendelea katika shule yake ya kwanza, ikiwa ndiyo inayomfaa. Sheria hiyo inakumbuka jambo tunalolijua vizuri sisi: kwa mtoto aliyepoteza nyumba, shule ndiyo kitu cha mwisho kisichohama.

Basi, viongozi, kabla ya kubandika orodha ya zamu ukutani, iteni pande zote mbili. Kikao cha saa tatu kinachosha, lakini ugomvi wa miaka mitano unachosha zaidi.