Mechi ya Watani Isichezwe Wanafunzi Wakiwa Likizo

Mji wa Pullman uko mashariki kabisa mwa jimbo la Washington, Marekani, karibu na mpaka wa Idaho, katikati ya vilima vya ngano. Ni mji wa watu elfu thelathini na ushei, na sehemu kubwa yao ni wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington, maarufu kama WSU. Chuo kinapofunga wiki nzima mwezi Novemba kwa ajili ya Sikukuu ya Shukrani, mji hubaki mtupu. Wengi kwao ni magharibi, Seattle na vitongoji vyake, zaidi ya kilomita 450 kutoka hapo. Wanapakia mabegi, wanashika barabara namba 26, nyembamba, ya gari mbili kupishana, wanapita Colfax, Washtucna na Othello, wanavuka mto Columbia pale Vantage, kisha wanapanda milima kupitia Snoqualmie, ambako msimu huo theluji ikizidi madereva huamriwa kufunga minyororo kwenye matairi. Ni mwendo wa saa tano hivi, hali ya hewa ikiwa nzuri.

Katika mji huo uliohamwa, kwa miaka mingi, ndimo ilimochezwa mechi kubwa kuliko zote za chuo hicho.

Mechi yenyewe ni ya futiboli ya Kimarekani, ule mpira wenye umbo la yai, kati ya WSU na Chuo Kikuu cha Washington cha Seattle. Hawa ni watani wa jadi. Walikutana kwa mara ya kwanza mwaka 1900, siku ya Sikukuu ya Shukrani, wakatoka sare ya 5–5. Kwa kuwa jimbo lao ndilo linaloongoza Marekani kwa tufaha, kombe wanaloligombea tangu miaka ya 1960 linaitwa Apple Cup. Kimoja ni chuo cha jiji kubwa, kingine ni chuo kilichoanzishwa mwaka 1890 kwa ajili ya kilimo na ufundi huko mashambani, na utani wao una uchungu wa kweli ndani yake: watu wa Pullman wanaamini watu wa Seattle huwadharau, na kila Novemba ilikuwa nafasi yao ya kujibu.

Swali ni lini wajibizane. Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 2010, Apple Cup ilichezwa mara nyingi Ijumaa, siku moja baada ya sikukuu, na miaka mingine Jumamosi inayofuata. Nasema wazi kwamba hilo lilikuwa kosa.

Si kwamba mpira na sikukuu hii ni wageni kwa kila mmoja. Abraham Lincoln alitangaza Sikukuu ya Shukrani ya kitaifa mwaka 1863, na kufikia 1876 Yale na Princeton walikuwa tayari wanacheza siku hiyo. Mwaka 1939 Rais Franklin Roosevelt aliisogeza sikukuu nyuma kwa wiki moja, kutoka 30 Novemba hadi 23, ili wafanyabiashara wapate siku zaidi za mauzo kabla ya Krismasi. Miongoni mwa waliopiga kelele sana walikuwa makocha wa vyuo, kwa sababu ratiba zao zilikuwa zimekwisha kupangwa kwa tarehe ya zamani. Baadhi ya majimbo yalifuata tarehe ya rais, mengine yakakataa, na Texas ikasherehekea zote mbili. Bunge la Marekani likaja kumaliza ugomvi huo mwaka 1941 kwa kuiweka sikukuu Alhamisi ya nne ya Novemba, na hapo ndipo ilipo hadi leo.

Wanaotetea mechi za wikendi ya sikukuu wana hoja nzito, na nyingine zimeandikwa kwa wino wa dhahabu. Alhamisi ya tarehe 25 Novemba 1971, siku yenyewe ya sikukuu, Nebraska waliwafuata Oklahoma mjini Norman. Johnny Rodgers akaupokea mpira uliopigwa juu, akawapenya wapinzani yadi 72 hadi mwisho, na Nebraska wakashinda 35–31. Wamarekani wakaiita mechi ya karne, na mamilioni waliiona kwa sababu walikuwa nyumbani, familia nzima sebuleni. Texas na Texas A&M, watani tangu 1894, nao waliizoesha nchi kuwasubiri kila Shukrani. A&M walipohamia ligi nyingine mwaka 2012, utani ulikatika kwa zaidi ya miaka kumi, na uliporudi tarehe 30 Novemba 2024 ulirudi wikendi ile ile. Kwa watu hao kuiondoa mechi kwenye sikukuu ni sawa na kuiondoa sikukuu yenyewe. Siwapingi. Desturi iliyoota mizizi kwa zaidi ya karne, tena kwa ridhaa ya wenyewe, iachwe.

Lakini mechi nyingi zilizoko leo kwenye wikendi hiyo hazikuwekwa na desturi. Zimewekwa na kalenda na televisheni. Kuanzia 2006 kila chuo kikubwa kiliruhusiwa kucheza mechi 12 kwa msimu, na msimu ukarefuka. Ligi zikaongeza fainali zao mwanzoni mwa Desemba, basi wiki ya mwisho ya ratiba ya kawaida ikaangukia pale pale kwenye sikukuu. Ohio State na Michigan, waliozoea kumaliza kazi kabla ya Shukrani, wakasogezwa hadi Jumamosi baada yake kuanzia 2010.

Televisheni nayo iliona pengo. Alhamisi ni ya mpira wa kulipwa: Detroit wanacheza siku hiyo tangu 1934, Dallas tangu 1966. Jumapili pia ni yao. Ila sheria ya mwaka 1961 inayoilinda ligi ya kulipwa, NFL, katika kuuza haki zake za matangazo ina sharti kwamba isirushe mechi Ijumaa jioni wala Jumamosi katika sehemu kubwa ya msimu wa vyuo. Basi Ijumaa baada ya Shukrani, ofisi nyingi zimefungwa, watu wamekaa na kiporo cha bata mzinga, na mkubwa amezuiliwa. Vyuo vikajazwa hapo. Tangu 2023 hata NFL imepenyeza mechi yake Ijumaa hiyo mchana, kabla ya saa iliyokatazwa, kwa hiyo pengo lenyewe limeshaanza kuzibwa.

Aliyelipia yote hayo ni mwanafunzi. Mtu amesafiri kilomita 450 kwenda kula na mama yake na bibi yake Alhamisi. Akitaka kuiona timu yake Ijumaa Pullman, inambidi aondoke usiku ule ule au alfajiri, aupande tena mlima wa Snoqualmie gizani. Wengi hawarudi, na sioni wa kuwalaumu. Atakayesema mbona viwanja vinajaa, nitamjibu kwamba uwanja unaweza kujaa bila wanafunzi. Tiketi zitanunuliwa na waliohitimu zamani, wenye magari na fedha za hoteli. Jukwaa la wanafunzi likipwaya, mechi ya chuo imebaki na jina tu.

Halafu kuna wasioweza kuchagua. Wachezaji wanakula chakula cha sikukuu pamoja na makocha badala ya wazazi. Angalau siku hizi baadhi yao wanalipwa. Kijana anayepuliza tarumbeta kwenye bendi ya chuo hana malipo kama hayo, naye anakaa mjini kusubiri Ijumaa. Mpishi wa vibanda vya uwanjani, mfagiaji, dereva wa basi, askari wa barabarani: wote sikukuu yao imekatwa katikati.

Nakumbushwa pia wanafunzi wa kigeni, na hapo Pullman inatuhusu. Miaka ya 1970 chuo hiki kilikuwa nyumba ya pili ya wanariadha wa Kenya. Samson Kimobwa alivunja rekodi ya dunia ya mita 10,000 mwaka 1977 akiwa mwanafunzi wa WSU. Mwaka uliofuata Henry Rono alivunja rekodi nne za dunia ndani ya siku 81, mojawapo, ile ya kuruka viunzi na maji, akiiweka Seattle, mjini kwa watani. Rono alifariki Februari 2024. Vijana kama wale hawawezi kwenda Kapsabet na kurudi ndani ya likizo ya wiki moja. Kwa wanaobaki kwenye mabweni matupu, mechi ya Ijumaa ni neema, wana mahali pa kwenda. Nakubali. Lakini wao hasa ndio wangefaidi zaidi kukaa jukwaani katikati ya wenzao maelfu, siku chuo kikiwa kimejaa.

Na siku hiyo ipo. Jumamosi 21 Novemba 1992, siku tano kabla ya sikukuu, Washington walifika Pullman wakiwa wameshiriki ubingwa wa taifa mwaka uliotangulia. Theluji ilikuwa ikimwagika. Drew Bledsoe alirusha mpira mrefu, Phillip Bobo akaudaka kwenye eneo la mwisho, akateleza nao mpaka akazama kwenye lundo la theluji. WSU walishinda 42–23. Mtu wa Pullman akiulizwa Apple Cup ni nini, hiyo ndiyo atakayokusimulia kwanza.

Haki itendeke: Ijumaa nayo imetoa mechi. Tarehe 23 Novemba 2012 WSU walikuwa nyuma 28–10 kuingia robo ya mwisho, wakasawazisha, wakashinda 31–28 katika muda wa nyongeza. Nafurahi kwa waliokuwapo, na nawasikitikia maelfu walioikosa wakiwa ng'ambo ya milima. Mwaka 2018 Ijumaa ilileta theluji tena, usiku, WSU wakiwa na msimu bora na wamepoteza mechi moja tu, na ushindi ungewapa uongozi wa kundi lao. Wakafungwa 28–15. Siku ambayo timu ilihitaji sauti ya kila mwanafunzi, kalenda ilikuwa imewapeleka makwao.

Agosti 2023 ligi yao, Pac-12, ilisambaratika. Washington ilitangaza kuhamia ligi ya Big Ten, WSU ikaachwa nyuma, na vyuo viwili vikatia saini mkataba wa miaka mitano kuuokoa utani wao. Mechi ikahamishiwa Septemba. Ungedhani tatizo limekwisha. Lakini chuo cha Seattle hufungua masomo mwishoni mwa Septemba. Mechi ya 14 Septemba 2024, waliyoshinda WSU 24–19 kwa kuwazuia wapinzani yadi moja tu kutoka kwenye mstari, ilichezwa kabla muhula wa Seattle haujaanza. Ya 20 Septemba 2025, waliyoshinda Washington 59–24 huko Pullman, ilikuwa hivyo hivyo. Tumewaondoa wanafunzi wa upande mmoja kwenye hasara, tukawatia wa upande mwingine.

Najua ugumu wake. Big Ten inalinda tarehe zake za Novemba, na timu zake zinataka kumaliza msimu zenyewe kwa zenyewe. Hata hivyo ratiba hupangwa na watu. Wikendi kabla ya sikukuu vyuo vingine vikubwa huwa vinacheza na timu dhaifu zisizo za ligi zao, tena kwa kuzilipa. Nafasi inaweza kutafutwa kwa mechi iliyoanza mwaka 1900.

Mkataba wa sasa unaishia na mechi ya 2028. Watakaokaa mezani kuandika mwingine wawaulize wanafunzi kabla ya kuwauliza wanunuzi wa matangazo, na waandike tarehe moja: Jumamosi kabla ya wiki ya Shukrani, mabweni ya vyuo vyote viwili yakiwa yamejaa.