Mbunifu yuko Weimar, mhandisi yuko California

Mbunifu majengo amechora ukumbi wa upana wa mita 12 usio na nguzo katikati, na anataka dari iwe mita 3 kutoka sakafuni. Mhandisi anapiga hesabu zake: boriti ya chuma ya kuvuka upana huo itakuwa na kina cha sentimita 60 hivi. Chini yake lipite bomba la kiyoyozi, sentimita 40. Ongeza zege la sakafu ya juu na dari yenyewe, na ghorofa yenye kimo cha mita 3.6 inabakiwa na mita 2.4 tu.

Wangekuwa ofisi moja, ugomvi huu ungeishia mezani kwa penseli. Lakini mbunifu yuko Weimar, Ujerumani, mhandisi yuko California, na anayesimamia gharama na ratiba ya ujenzi yuko Ljubljana, Slovenia.

Mfano huo ni wangu, ila vikundi vya namna hiyo vipo. Mwaka 1993 Renate Fruchter alianzisha katika Chuo Kikuu cha Stanford somo linalowaunganisha wanafunzi wa ubunifu majengo, uhandisi na usimamizi wa ujenzi kutoka vyuo vya nchi mbalimbali. Huanza Januari na kumalizika Mei. Wanakutana ana kwa ana mwanzoni, kisha kila mmoja anarudi kwao, na kazi ya kusanifu jengo la chuo inaendelea kwa mtandao hadi siku ya kuitetea. Wataalamu kutoka kampuni za ujenzi huwashauri, na huwabana pia.

Saa zina vituko vyake. Ikiwa ni saa mbili asubuhi California, Weimar ni saa kumi na moja jioni. Mwezi Machi mambo yanavurugika: Wamarekani husogeza saa zao mbele Jumapili ya pili, Wazungu wa Ulaya husubiri Jumapili ya mwisho. Kwa wiki mbili au tatu hapo kati, asiyeangalia kalenda atawakuta wenzake wamekwisha kuanza kikao, au atakaa peke yake mbele ya kioo akiwangoja.

Hata hivyo, sidhani kama umbali ndio unaowashinda. Mbunifu huanza na watu watakaoingia humo ndani, mwanga na njia zao. Mhandisi huanza na uzito na namna utakavyoshuka hadi ardhini. Wakikaa chumba kimoja wanaweza kuitikiana kwa kichwa na kila mtu akaondoka na lake. Kwa mtandao, asiyeandika sababu ya uamuzi wake ataulizwa kesho, na keshokutwa. Na kuna maarifa yanayotoka kwa mtu kwa sababu ya kwao: kiwanja kikiwa California, mwanafunzi wa Ljubljana, mji uliobomolewa vibaya na tetemeko la mwaka 1895, hahitaji kushawishiwa kwamba nguzo za chini zisilegezwe kwa ajili ya uzuri wa ukumbi wa mapokezi.

Turudi kwenye zile mita 2.4. Boriti inaweza kutobolewa matundu ili bomba lipite ndani yake. Bomba linaweza kuhamishiwa juu ya korido, ambako dari fupi haimkeri mtu. Au kimo cha ghorofa kiongezwe, na hapo msimamizi wa gharama atakuja juu, maana kuta za nje na ngazi zote zitarefuka. Hakuna kati yao anayeweza kuchagua peke yake.

Kwetu, mara nyingi mhandisi huitwa ramani ikiwa imeshapendwa na mwenye nyumba, aje tu kupanga nondo. Tanzania ina bodi moja ya kusajili wahandisi na nyingine ya wabunifu majengo na wakadiriaji majenzi, na hilo halina ubaya. Ila mafunzo hayana haja ya kutengana hivyo: Chuo Kikuu Ardhi, kilichokuwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hadi 2007, kimepakana na kampasi ya Mlimani ya chuo hicho. Mradi mmoja wa pamoja kwa muhula, wahandisi wa Mlimani na wabunifu wa Ardhi, haungehitaji hata intaneti. Ungehitaji ratiba mbili zikubaliane siku moja ya wiki, na wahadhiri wa pande zote wakubali kusahihisha kazi moja na kutoa alama moja. Hilo la alama ndilo nadhani lingewachukua vikao vingi.