Simu Isahihishe, Mwalimu Atathmini: Zana za Kidijitali katika Kufundisha na Kupima

Mwalimu wa hisabati mwenye mikondo mitatu ya Kidato cha Pili, kila mkondo wanafunzi 45, akitoa jaribio moja la maswali kumi anakusanya karatasi 135. Akitumia dakika tatu tu kwa kila karatasi, kazi hiyo inachukua saa sita na dakika 45. Bado hajaandaa somo la kesho, na pengine yeye ndiye mlezi wa bweni na msimamizi wa shamba. Matokeo yake tunayajua: majaribio yanakuwa machache, karatasi zinarudi baada ya wiki tatu, na mwanafunzi anatazama alama, anakunja karatasi na kuitia mfukoni. Mada imeshapita.

Hapo ndipo zana za kidijitali zinapoweza kutusaidia kweli katika shule, seminari na parokia zetu. Lakini zinasaidia pale tu tunapojua ni kazi ipi tunaikabidhi mashine na ni kazi ipi inabaki mikononi mwetu. Makala hii inawalenga hasa mafrateri watakaotumwa kufundisha katika mwaka wa kichungaji, pamoja na makatekista na wazazi wanaotaka kuelewa watoto wao wanapimwaje.

Maneno matatu tunayoyachanganya

Kusahihisha ni kulinganisha jibu la mwanafunzi na jibu sahihi. Kupima ni kutafuta kiwango: anajua kiasi gani, amefika wapi. Kutathmini ni kuamua kutokana na kile kipimo kilichoonyesha: kwa nini amekwama, afundishwe nini sasa, aendelee au asubiri.

Kliniki ya watoto inatupa mfano mzuri. Mzani unasema mtoto ana kilo tisa, na kadi inaonyesha kwamba mwezi uliopita alikuwa na kilo kumi. Kwa nini amepungua, mzani haujui. Muuguzi lazima amwulize mama kuhusu chakula, homa na hali ya nyumbani. Kompyuta au simu inasahihisha haraka kuliko sisi na inasaidia kupima. Kutathmini ni kazi ya mtu anayemjua mtoto.

Faida ya majaribio madogo ya mara kwa mara

Wengi wetu tumezoea kuona jaribio kama hukumu ya mwisho wa mada. Utafiti unaonyesha kwamba jaribio lenyewe ni njia ya kujifunza. Mwaka 2006 wanasaikolojia Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, wa Chuo Kikuu cha Washington kilichoko St. Louis, Marekani, waliwapa wanafunzi vifungu vya kusoma. Baadhi walivisoma tena, na wengine walifunga karatasi na kuandika walichokumbuka. Walipopimwa baada ya dakika tano, waliorudia kusoma walifanya vizuri zaidi. Walipopimwa baada ya wiki moja, waliojilazimisha kukumbuka ndio waliokuwa wamehifadhi mengi zaidi.

Kwa hiyo maswali matano kila wiki, yasiyo na alama za kutisha, yanaweza kumfaa mwanafunzi kuliko jaribio moja kubwa la mwisho wa muhula. Kilichotuzuia siku zote ni mzigo wa kusahihisha, na mzigo huo ndio mashine inaoweza kuubeba.

Zana kwa mazingira yetu

Katika seminari ndogo na shule nyingi za bweni nchini, wanafunzi hawaruhusiwi kuwa na simu. Basi zana inayodai simu kwa kila mwanafunzi haitufai, hata ikisifiwa namna gani. Zifuatazo zinawezekana.

Ya kwanza inahitaji simu moja tu, ya mwalimu. Plickers hutumia kadi za karatasi zinazochapishwa mara moja. Kila mwanafunzi ana kadi yake yenye mchoro wa pekee, na pande zake nne ni A, B, C na D. Mwalimu anasoma swali, mwanafunzi anainua kadi huku upande wa jibu lake ukiwa juu, kisha mwalimu anapitisha kamera ya simu darasani. Kwa dakika moja anajua nani amejibu nini. Herufi za kwenye kadi ni ndogo, hivyo si rahisi kunakili kwa jirani.

Ya pili inafaa pale penye chumba cha kompyuta lakini intaneti ni ya kusuasua. Kolibri huwekwa katika kompyuta moja, na nyingine zinaunganishwa nayo kwa mtandao wa ndani bila kutegemea intaneti. Ina masomo, video na mazoezi, na mwalimu anaona kila mwanafunzi amefika wapi.

Ya tatu ni Moodle, programu huria iliyotolewa mwaka 2002 na Martin Dougiamas wa Australia na sasa inatumika katika vyuo vikuu vingi duniani. Seminari kuu inaweza kuitumia kuweka notsi, kupokea insha na kutunza benki ya maswali mwaka hadi mwaka. Kwa wenye intaneti ya uhakika, Google Forms hufanya jaribio fupi lisahihishwe lenyewe na alama ziingie moja kwa moja katika jedwali.

Soma majibu, usiishie kwenye alama

Kosa la kawaida la anayeanza kutumia zana hizi ni kufurahia wastani wa darasa na kufunga kompyuta. Hazina imo katika majibu yenyewe.

Tuseme swali linauliza: robo tatu jumlisha nusu ni ngapi? Jibu sahihi ni 5/4. Mwalimu makini hachagui majibu mengine kwa kubahatisha. Anaweka 4/6, kwa sababu anajua mwanafunzi asiyeelewa hujumlisha namba za juu kwa za juu na za chini kwa za chini. Katika darasa la wanafunzi 40, 14 wanachagua 5/4, 20 wanachagua 4/6, na sita wanatawanyika kwingine. Waliopata ni 14 kwa 40, yaani 0.35. Namba hiyo inasema swali lilikuwa gumu. Wale 20 wanasema jambo kubwa zaidi: nusu ya darasa wana kosa moja linalofanana, na kipindi cha kesho kinajulikana kitahusu nini.

Kuna kipimo cha pili cha kuangalia. Chukua wanafunzi kumi wenye alama za juu katika jaribio zima na kumi wenye alama za chini, kisha linganisha walivyojibu swali moja. Ikiwa katika kumi wa juu wamepata wawili tu, na katika kumi wa chini wamepata sita, swali hilo lina walakini. Huenda lugha yake inapotosha, au mwalimu ameweka jibu lisilo sahihi kwenye mashine. Mashine haitalalamika. Itaendelea kuwakosesha wanafunzi bora kwa utulivu kabisa. Moodle hukokotoa vipimo hivi viwili yenyewe, lakini hata kwa kalamu inawezekana.

Tukumbuke pia kubahatisha. Maswali 20 yenye machaguo manne yanampa asiyejua lolote wastani wa alama tano. Ndiyo maana maswali ya kuchagua yanafaa kuonyesha darasa lilipokwama, lakini yasiwe msingi pekee wa kumwondoa mtu shuleni au seminarini.

Katekesi na mipaka ya kipimo

Parokia kadhaa sasa hutuma mafundisho na maswali ya Komunyo ya Kwanza na Kipaimara kwa WhatsApp. Jambo hilo linaweza kuwafaa walioko mbali na kigango. Lakini chukua mfano wa vipaji saba vya Roho Mtakatifu: hekima, akili, shauri, nguvu, elimu, ibada na uchaji wa Mungu. Mtoto anaweza kuvitaja vyote kwa mpangilio, mashine ikampa saba kwa saba, naye asijue kipaji cha shauri kinamsaidiaje rafiki anapomwita kuiba maembe ya jirani.

Sheria ya Kanisa inatuongoza hapa. Kanuni 889, kifungu cha 2, inataka mwenye matumizi ya akili anayepokea Kipaimara kihalali awe amefundishwa inavyofaa, awe na maandalizi mema ya moyo, na aweze kurudia ahadi za ubatizo. Katika hayo matatu, jaribio la kwenye simu linagusa sehemu tu ya la kwanza. Mengine yanajulikana kwa kukaa na mtoto, kumsikiliza na kumwona akisali. Aidha, mtoto ambaye nyumbani kwao hakuna simu janja asije akaonekana mvivu wa mafundisho. Ikiwa zana inamfungia nje maskini, mwenye walakini ni aliyeiweka kuwa sharti.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko *Gravissimum Educationis* la tarehe 28 Oktoba 1965, unafundisha kwamba wazazi ndio walezi wa kwanza wa watoto wao. Hapa simu inaweza kutumika vizuri. Badala ya kumtumia mzazi alama peke yake, katekista anaweza kumtumia swali moja la kuzungumza na mtoto wakati wa chakula cha jioni.

Insha iliyoandikwa na akili mnemba

Swali zito zaidi kwa seminari kuu ni hili: frateri anaagizwa insha juu ya neema, anaiagiza akili mnemba, na baada ya nusu dakika ana kurasa nne safi. Mhadhiri afanye nini?

Wengine hukimbilia programu za kugundua maandishi ya mashine. Tahadhari inahitajika. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walijaribu programu saba za aina hiyo kwa insha 91 za Kiingereza zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Kwa wastani, zaidi ya nusu ya insha hizo zilidhaniwa kimakosa kuwa kazi ya mashine. Mwaka huohuo kampuni ya OpenAI iliondoa programu yake yenyewe ya ugunduzi kwa sababu haikuwa sahihi vya kutosha. Mafrateri wetu huandika Kiingereza kama lugha ya pili au ya tatu. Kumhukumu frateri kwa neno la programu kama hizo ni kuhatarisha wito wa mtu asiye na kosa.

Dawa iko karibu, na ni ya zamani: mtihani wa mdomo. Insha ikishakabidhiwa, mhadhiri aketi na mwandishi dakika kumi. Kwa nini umemchagua Agostino hapa? Neno hili umelielewaje? Ungemweleza vipi mama wa jumuiya asiyejua kusoma? Aliyeandika atajibu, hata kwa kusitasita. Aliyeagiza atajulikana bila programu yoyote. Katika darasa la 40, dakika kumi kwa kila mmoja ni saa sita na dakika 40, na muda huo unaweza kutoka kwenye saa zilizookolewa na mashine kwa kusahihisha majaribio madogo.

Waraka wa Vatikano *Antiqua et nova*, uliotolewa tarehe 28 Januari 2025, unasisitiza kwamba uhusiano hai wa mwalimu na mwanafunzi ni kiini cha elimu, na kwamba akili mnemba inapaswa kuchochea fikra badala ya kuzichukulia nafasi. Katika malezi ya kipadre jambo hili lina uzito wa pekee. Siku moja padre huyo ataitwa kigangoni kwenye msiba wa mtoto, mahali pasipo na mtandao, na familia itamtazama yeye. Atakachosema ni kile kilichokwisha kuingia ndani yake. Vilevile, mwongozo wa malezi ya kipadre wa mwaka 2016, *Ratio Fundamentalis*, unataja nyanja nne: ya kibinadamu, ya kiroho, ya kiakili na ya kichungaji. Zana zetu zinagusa sehemu ya ile ya kiakili. Gombera na walezi hawawezi kumjua mlelewa kwa kusoma jedwali.

Kutunza siri za wanaopimwa

Bado kuna desturi ya kubandika matokeo yenye majina kwenye kundi la WhatsApp la wazazi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na alama za mtoto ni taarifa zake binafsi. Hata bila sheria, heshima ya mtoto inatosha kuwa sababu. Matokeo yatumwe kwa mzazi husika. Jedwali liwe na nywila, na linakiliwe mahali pa pili ili simu ikipotea kazi ya muhula isipotee nayo.

Pa kuanzia

Kwa frateri anayejiandaa kwenda kufundisha, ushauri ni mfupi. Chagua darasa moja na zana moja. Andaa maswali matano kwa wiki, na kila jibu lisilo sahihi litokane na kosa ambalo wanafunzi hulifanya kweli. Toa majibu siku hiyohiyo. Angalia wapi wengi wamekosea, na urudie hapo kabla ya kusonga mbele. Umeme ukikatika, wainue vidole: A kidole kimoja, B viwili. Kinachofundisha ni swali zuri na mwalimu anayelifuatilia jibu lake.

Kisha jiulize kila mwisho wa mwezi: muda niliookoa nimeutumia kwa nani? Kama yule mvulana wa kiti cha nyuma, anayepata alama mbili kila wiki, ameitwa pembeni akasikilizwa, zana imefanya kazi yake. Kama hajaitwa, kilichoongezeka ni kasi ya kuandika alama zake mbili.