Fahamu: Simu ndogo yenye kamera nzuri huchaguliwaje?

Simu zinazoshikika vizuri kwa mkono mmoja zinazidi kuadimika. Apple haikutoa tena toleo la “mini” baada ya iPhone 13 mini ya 2021, yenye kioo cha inchi 5.4. Asus ilitoa Zenfone 10 ya inchi 5.9 mwaka 2023. Iliyofuata ikavuka inchi 6.7. Leo inchi 6.1 au 6.2 ndiyo huitwa ndogo.

Kwenye kamera, usibabaishwe na wingi wa megapikseli. Picha ni mwanga, na kinachoukusanya ni sensa, yaani kihisi cha mwanga kilicho nyuma ya lenzi. Sensa kubwa hunasa mwanga mwingi, ndiyo maana picha ya harusini usiku haitoki na chengachenga. Tatizo ni kwamba sensa kubwa hutaka lenzi ikae mbali nayo kidogo, na ndani ya simu ndogo nafasi hiyo hiyo inagombewa na betri. Uliza pia kama lenzi yenyewe hutulizwa mkono unapotetemeka, au kazi hiyo imeachiwa programu tu. Vile vilenzi vya megapikseli 2 vinavyopangwa nyuma, mara nyingi ni pambo.

Kwa mfuko wa wastani, ningechukua Samsung Galaxy S23 iliyokwisha kutumika: inchi 6.1, kamera tatu nyuma, mojawapo ikivuta mara 3. Kabla ya kulipa, bonyeza *#06# ulinganishe IMEI (namba ya utambulisho wa simu) na ya kwenye boksi, kagua hali ya betri, kisha piga picha moja gizani palepale dukani.