Kanuni fiche za mapigano katika michezo ya mtandaoni

Kanuni fiche za mapigano ni hesabu ambazo mchezo wa kompyuta hutumia kuamua matokeo ya pambano bila kumwonyesha mchezaji. Zinapatikana hasa katika michezo ya uhusika ya mtandaoni. Katika michezo hiyo kila mchezaji huongoza mhusika wake, humpatia nguvu, silaha na deraya, kisha hupambana na maadui au wachezaji wengine kupitia intaneti. Mchezaji huona namba chache tu, kwa mfano kiwango cha nguvu na uhai uliobaki. Jinsi namba hizo zinavyochanganywa hadi kutoa pigo la 7 au la 11 ni kazi inayofanyika ndani ya seva ya kampuni.

Wachezaji wengi wamezitafuta kanuni hizo wenyewe kwa kupima, kuhesabu na kulinganisha matokeo. Njia wanayotumia ni ileile ya sayansi: mtu hawezi kufungua kitu na kuona ndani, lakini anaweza kukijaribu kwa nje mpaka tabia yake ieleweke.

Tofauti na michezo yenye kanuni wazi

Katika bao la Kiswahili kuna mashimo 32 na kete 64, na kanuni zote zinajulikana na wachezaji wote wawili. Mtu akishindwa, anaweza kurudia hesabu ya kete na kuona alipokosea. Katika mchezo wa mtandaoni programu ndiyo mwamuzi, nayo haielezi hukumu yake. Aidha, karibu kila pigo huwa na sehemu ya bahati nasibu, hivyo kitendo kilekile hutoa matokeo tofauti. Kwa sababu hiyo imani zisizo na msingi huenea upesi, kama vile kwamba silaha fulani "ina bahati" au kwamba adui fulani hudhoofika usiku.

Mbinu

Hatua ya kwanza ni kubadilisha kitu kimoja tu na kuacha vingine vyote vilivyo. Mchezaji akivaa upanga mpya na deraya mpya kwa pamoja, hatajua kipi kilileta mabadiliko. Hatua ya pili ni kurudia jaribio mara nyingi na kuandika kila tokeo, pamoja na yale yasiyopendeza. Hatua ya tatu ni kukisia kanuni inayolingana na namba zilizoandikwa. Hatua ya nne, ambayo wengi huiruka, ni kutumia kanuni hiyo kutabiri jambo ambalo bado halijapimwa, kisha kulipima. Utabiri ukishindwa, kanuni imeshindwa.

Idadi ya majaribio ni muhimu. Anayekadiria uwezekano wa jambo anaweza kutarajia kosa lisilozidi takriban 1 kugawanywa kwa kipeuo cha pili cha idadi ya majaribio. Majaribio 100 huacha kosa la hadi asilimia 10 hivi, majaribio 400 asilimia 5, na majaribio 10,000 asilimia 1. Mtu aliyejaribu mara 20 hawezi kutofautisha silaha inayofanikiwa kwa asilimia 50 na ile inayofanikiwa kwa asilimia 55.

Mfano wa kwanza: pigo kubwa kabisa

RuneScape ni mchezo wa kampuni ya Jagex ya Cambridge, Uingereza, ulioanza mwaka 2001. Toleo lake liitwalo Old School RuneScape lilifunguliwa Februari 2013. Katika toleo hilo, pigo kubwa kabisa la silaha ya mkononi hupatikana hivi: chukua kiwango cha nguvu, ongeza 8, kisha ongeza 3 ikiwa mhusika anapigana kwa mtindo wa ukali. Zidisha jibu kwa jumla ya nyongeza ya vifaa na 64, gawanya kwa 640, ongeza 0.5, na uache desimali.

Mhusika mwenye nguvu 99 asiye na kifaa chochote anapata 99 + 8 + 3 = 110. Kisha 110 × 64 ÷ 640 = 11, na baada ya kuongeza 0.5 na kuacha desimali, pigo kubwa ni 11. Akivaa kifaa chenye nyongeza ya 2, hesabu inatoa 11.84, yaani bado 11. Kwa nyongeza ya 3 inatoa 12.02, yaani 12. Kuanzia hapo hakuna badiliko lingine mpaka nyongeza ifike 9. Kwa hiyo mchezaji anaweza kutumia mali nyingi kutoka nyongeza ya 3 hadi ya 8 bila kuongeza hata alama moja kwenye pigo lake kubwa. Asiyejua kanuni hawezi kuliona hilo.

Kupima pigo kubwa kunahitaji subira. Ikiwa namba ya juu ina nafasi 1 kati ya 12, mapigo 50 yaliyompata adui yana uwezekano wa takriban asilimia 1.3 wa kutoionyesha hata mara moja.

Mfano wa pili: deraya

World of Warcraft ya kampuni ya Blizzard Entertainment ya Marekani ilianza Novemba 2004. Katika toleo la kwanza, sehemu ya pigo iliyozuiwa na deraya ilikuwa D ÷ (D + 400 + 85 × K), ambapo D ni alama za deraya na K ni kiwango cha mshambuliaji. Kikomo kilikuwa asilimia 75. Dhidi ya mshambuliaji wa kiwango cha 60, 400 + 85 × 60 ni 5,500. Hivyo deraya ya 5,500 ilizuia asilimia 50, ya 11,000 ilizuia karibu asilimia 67, na ya 16,500 ilizuia asilimia 75.

Kwa haraka mtu angesema kwamba faida inapungua: 5,500 za kwanza zinaleta asilimia 50, zinazofuata 17 tu. Lakini tazama mhusika mwenye uhai 1,000. Bila deraya anaangushwa na mapigo yenye jumla ya 1,000. Akiwa na deraya ya 5,500 anahimili 2,000, kwa 11,000 anahimili 3,000, na kwa 16,500 anahimili 4,000. Kila 5,500 inaongeza kiasi kilekile. Kanuni ilikuwa sahihi, ila swali lililoulizwa ndilo halikufaa.

Kanuni fiche na fedha

Jambo hili linagusa mifuko ya watu pale kampuni inapouza bahati nasibu. Katika mchezo wa MapleStory wa kampuni ya Nexon ya Korea Kusini, wachezaji walinunua kwa fedha halisi kifaa kiitwacho mchemraba, ambacho hubadilisha kwa bahati uwezo wa ziada wa silaha na deraya. Januari 2024 Tume ya Biashara ya Haki ya Korea Kusini iliitoza Nexon faini ya takriban won bilioni 11.6. Ilibainika kwamba uwezekano wa kupata baadhi ya uwezo ulikuwa umepunguzwa bila wachezaji kuambiwa, na michanganyiko fulani iliyotamaniwa ilikuwa na uwezekano wa sifuri. Machi 2024 sheria ya nchi hiyo ilianza kulazimisha kampuni kutangaza uwezekano wa vitu vya aina hiyo.

Takwimu zinaonyesha kwa nini sifuri ni vigumu kuthibitishwa kwa kupima. Jambo lisipotokea katika majaribio 300, kinachoweza kusemwa ni kwamba uwezekano wake huenda hauzidi asilimia 1. Kwa kifaa kinachonunuliwa, kila jaribio ni gharama.

Mipaka

Kanuni iliyopatikana kwa kupima inaeleza tabia ya programu, si lazima ifanane na maandishi yake ya ndani. Pia kampuni hubadilisha mchezo mara kwa mara, hivyo kanuni isiyotajwa toleo lake haifai kuaminiwa. Kuvunja ulinzi wa seva ni jambo tofauti kabisa na kupima, na huweza kuwa kosa la jinai.

Matumizi katika elimu

Mwaka 2008 watafiti Constance Steinkuehler na Sean Duncan walichapisha uchunguzi wa majadiliano ya wachezaji wa World of Warcraft. Waliona kwamba sehemu kubwa yake ilikuwa ya kujenga maarifa kwa pamoja: kuuliza, kutoa ushahidi, kupinga na kusahihishana.

Zoezi kama hilo linawezekana darasani bila kompyuta. Mwalimu huweka siri kanuni hii: pigo ni namba ya dadu kuongeza nusu ya nguvu, desimali ikiachwa. Wanafunzi hutaja nguvu, mwalimu hurusha dadu bila kuionyesha na kutangaza pigo tu. Kwa nguvu 4 watapata 3 hadi 8, kwa nguvu 5 vilevile 3 hadi 8, na kwa nguvu 6 watapata 4 hadi 9. Kundi litakaloeleza kwa nini 4 na 5 zinafanana, kisha likatabiri matokeo ya nguvu 9 kabla ya kuyapima, litakuwa limeipata kanuni.