UZI: Upekuzi hauharibikii mlangoni, unaharibikia kituoni

1/ Kila polisi wakipekua nyumba ya mtu mwenye jina, hapa tunagawanyika mara moja. Hawa: "Walikuwa na kibali?" Wale: "Mbona mnatetea wezi?" Kuna swali lingine halisikiki: kabla watoke kituoni, hao maafisa waliambiwa nini? Twende pole pole.

2/ Sheria kwanza. Ibara ya 31 ya Katiba inalinda faragha yako, ikiwemo nyumba na mali. Ndiyo maana polisi huenda kwa hakimu, anaapa, anaeleza anatafuta nini na wapi. Hakimu akiridhika, anatoa kibali.

3/ Kibali hutekelezwa kati ya jua kuchomoza na kutua, isipokuwa korti imeruhusu saa nyingine. Kwa hivyo mkiona video ya saa tisa usiku, ulizeni: kibali chenyewe kinasema nini kuhusu saa?

4/ Na ndiyo, kuna upekuzi bila kibali. Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011 inauruhusu pale ambapo kungojea korti kungeharibu uchunguzi. Hata hapo afisa lazima aandike sababu zake. Si ruhusa ya kuingia popote.

5/ Sasa tuseme kibali kipo. Hiyo ni karatasi tu. Haijui kwamba ploti ina milango 20 inayofanana, kwamba mshukiwa alihama mwezi jana, kwamba ndani kuna nyanya mgonjwa na mtoto mchanga. Lazima mtu ayachunguze hayo mapema.

6/ Hapo ndipo kikao cha maelekezo kinaingia. Kiongozi anawaketisha wote wanaoenda, kibali kinasomwa. Mlango ni upi, na nani amethibitisha? Nani wanaishi humo? Tunatafuta nini? Kama ni TV iliyoibwa, hakuna haja ya kupekua droo ya nguo za ndani.

7/ Kisha kazi zinagawanywa. Mmoja anaongea na mwenye nyumba. Mmoja anaandika kila kinachochukuliwa. Mwanamke akipekuliwa mwilini, sheria inasema apekuliwe na mwanamke mwenzake, kwa staha. Mkifika bila afisa wa kike, kosa lilifanyika kituoni.

8/ Nguvu nazo zina utaratibu: kwanza maneno. Mlango unavunjwa mkikataliwa kuingia. Tena kila afisa ajue mwenzake amesimama wapi. Giza, mlango wa nyuma, kachero aliyevaa kiraia: hapo askari anaweza kumpiga risasi askari. Afande naye ana watoto wanamngoja nyumbani.

9/ Mnaona kama ni mambo ya makaratasi? Kumbukeni Kisumu, Agosti 2017. Haukuwa upekuzi wa kibali, ilikuwa operesheni wakati wa maandamano ya baada ya uchaguzi. Polisi waliingia nyumbani kwa watu, mtoto wa miezi 6 akapigwa, akafariki. Mwaka 2019, hakimu aliyechunguza kifo hicho aliwapata makamanda na lawama. Yaani swali likawa pia: nani aliwatuma, na aliwasimamiaje?

10/ Kwa wale wanaosema "haki za wezi zitatuchelewesha": Ibara ya 50(4) inasema ushahidi uliopatikana kwa kukiuka haki utakataliwa ikiwa kuukubali kutafanya kesi isiwe ya haki au kudhuru utoaji wa haki. Ukitaka samaki mkubwa afungwe, wewe ndiye wa kwanza kudai upekuzi safi. Vinginevyo wakili wake atawashukuru.

11/ Wakija kwako: omba kuona kibali na kitambulisho cha kazi. Soma anwani na saa. Usizuie, usisukumane. Hesabu kinachobebwa, omba orodha iliyotiwa sahihi. Shika jina au namba ya afisa. Ukionewa, peleka malalamiko IPOA.

12/ Na siku nyingine mwanasiasa akipiga kelele kuhusu upekuzi, awe wa upande wako au ule mwingine, msiishie kwa "kibali kilikuwepo?" Ulizeni nani aliongoza, alithibitisha mlango vipi, na aliwaambia nini vijana wake kabla gari liwashwe. Maswali ni yale yale hata mlango ukiwa wa mtu usiyempenda.